Kilichotuna Chini ya Shati Langu

Jumatatu, 1 Februari 2016
Bila mimi chuo hiki cha Walutheri kingekuwa kimefungwa zamani. Mabomba yote ya mabweni nimeyaunga mimi. Seneta mmoja — simtaji — aliwahi kunishika mkono akasema Texas nzima inahitaji wanaume watano tu kama Delbert Hruska.

Sasa watu wa chuo wamegawanyika. Jimbo limeruhusu wenye leseni kuingia vyuoni na bastola zilizofichwa, ila vyuo vya kanisa viamue vyenyewe. Kwetu bado ni marufuku. Mkutano wa hadhara ni Alhamisi ya wiki ijayo. Wamegawa karatasi, herufi kama sisimizi. Mwalimu wa historia kaniambia, nikiwa chini ya sinki lake, kwamba hataweza kumpa mtu alama mbaya huku akiwaza kilichomo kwenye begi la mtu huyo. Nikamwambia basi mpe nzuri. Hakucheka. Hawa watu hawacheki.

Alhamisi, 4 Februari
Raelynn, binti wa dada yangu Norene, anasomea uuguzi hapa. Akitoka maabara giza limeingia, na kuna kijana anamfuata hadi kwenye maegesho. Hamgusi. Hasemi neno. Anasimama tu karibu na gari lake. Ofisi ya usalama wanasema wanasubiri afanye kitu. Kitu gani? Wanangoja nini hao?

Basi tangu Krismasi namsindikiza mimi. Siku ya kwanza aliona pametuna hapa kiunoni, chini ya shati. Akaninong'oneza: Mjomba, umekuja nayo? Nikamkonyeza. Yule kijana naye aliona. Wenye leseni wengine hununua mashati mapana ili kitu kisijichore. Mimi navaa la kubana. Kila mtu na mbinu zake. Siku hizi kijana husimama ng'ambo ya uzio wa maegesho.

Jumapili, 7 Februari
Kwa Norene. Nyama ya moshi nimepika mimi, watu nusura walie. Raelynn katimiza ishirini na mmoja na anataka leseni. Eti nimfundishe kulenga shabaha.

"Si wewe Mjomba uliyeangusha nguruwe mwitu wawili kwa risasi moja?"

Walikuwa watatu, lakini sikumsahihisha. Nikasema bega linaniuma. Norene akadakia: hilo bega lako huuma kila ikitajwa kazi. Halafu akamgeukia mwanawe, hataki bastola nyumbani mwake. Mjomba wako na akili zake nusu nimeshamzoea, kasema, sitaki wa pili. Raelynn akamuuliza: Mama, Mjomba akiugua nani atanisindikiza? Nikainuka kukata nyama zaidi.

Jumanne, 9 Februari
Raelynn atazungumza mkutanoni. Nimemwambia usinitaje. Kasema sawa, Mjomba. Ni ile sawa ya mama yake. Siiamini.

Alhamisi, 11 Februari
Naandika ndani ya pikapu, milango nimeifunga.

Ukumbi ulijaa. Raelynn alisimama, akaeleza habari za yule kijana bila kumtaja jina. Akasema kijana hakurudi nyuma ya uzio kwa sababu ya ofisi ya usalama, wala kwa maombi ya mchungaji. Karudi kwa sababu mjomba wangu hutembea nami, na bastola iko chini ya shati lake, na yule pale ameketi. Sasa niruhusuni na mimi, maana mjomba hatakuwepo kila siku.

Akaninyooshea kidole. Mimi na shati langu la kubana. Ukumbi mzima ukageuka. Na kule nyuma, karibu na mlango, yule kijana, mikono mfukoni, ananikodolea macho.

Mwalimu wa historia akaruka: "Mnaona? Fundi bomba wetu mwenyewe!"

Ofisa Tijerina wa usalama akaja taratibu. Bomba la mama yake nimeliziba mimi. Bwana Hruska, kasema, chuoni ni marufuku mpaka kura ipigwe, nakuomba uinue shati. Nikasema naenda chooni. Nikaja huku.

Sasa Tijerina kasimama mbele ya boneti, kawaita polisi wa mji. Raelynn anagonga kioo, analia. Nimekuponza, Mjomba. Watakufunga, watakufukuza kazi. Wape tu, yaishe.

Hajui. Nikiinua shati niko huru hapa hapa, kosa sina. Lakini yule kijana naye katoka. Yuko pale penye gari la Raelynn, anangoja kuona nini kitatoka kiunoni mwangu. Kikishatoka, ule uzio haumzuii tena.

Haya. Leseni sina. Novemba nilianguka mtihani wa kulenga. Risasi zangu zilikutwa kwenye shabaha ya jirani. Kilichotuna ni kasha la miwani ya kusomea. La maua. Nalificha kwa sababu sitaki watu wajue kwamba sioni vitu vya karibu. Sasa hivi ni tupu, limelala pajani. Miwani nimeivaa, nisingeweza kuandika.

Raelynn kaacha kugonga. Ananitazama usoni. Hajawahi kuniona na miwani.