Uchaguzi wa Ulaya na Sangara wa Mama

Mjukuu wangu Neema,

Cheka tu, nimemaliza shule juzi, lakini mimi ni mdogo wake bibi yako. Hapa Pasiansi, kando ya ziwa, tu wazima.

Umeuliza kwa nini nafuatilia uchaguzi wa Ulaya. Wiki jana ufukweni, mama akiuza samaki, mnunuzi alimwambia, "Wazungu wamechagua chama kinachozuia samaki wetu wasiingie kwao. Shusha bei, au waoze." Sangara walikuwa juani tangu asubuhi. Mama akainamisha kichwa, akakubali.

Nikamgeukia mnunuzi. "Shikamoo, baba. Redio imesema kura ni Jumapili ya wiki ijayo, bado hawajachagua."

"Kumbe mwanasiasa!"

Mnunuzi wa pili, aliyekuwa akisikiliza kando, akacheka. "Mama, nipimie mimi, bei ya jana."

Naomba Wazungu wachague wanaoacha soko wazi. Zaidi naomba hapa ufukweni asibaki mnunuzi mmoja tu.

Bibi yako mdogo,
Rebeka