Senene wa Waume Zetu

Jumapili. Mvua ilianza tukiwa bado kanisani na sasa yamebaki manyunyu, ila migomba inadondosha maji kama vile mvua haijaisha. Mujuni, mwanangu mchanga, amelala mgongoni. Nikimtua ataamka, kwa hiyo naandika nimeinama na shingo inauma.

Naona kinyaa tangu jana.

Kilianzia moyoni, leo kimeshuka tumboni. Asubuhi hata chai imenishinda. Niandike ilivyokuwa, pengine kitatoka.

Jana kijiji kilipata mgeni, mkubwa mmoja kutoka Muleba, aliyekuja kuona shamba letu la ujamaa. Bendi ndiyo ilipangwa kumpokea. Bendi ni mimi kwenye gita, Auleria kwenye besi, Devota kwenye ngoma, na wasichana wawili wa kwaya wanaoitikia. Wote wanawake. Tunaitwa Dada Jazz, ingawa jazz yenyewe hatuipigi. Kaka yangu alisema bendi isipojiita jazz watu hawaamini kama ni bendi. Tunachopiga sisi ni fanki.

Fanki niliipata kwa kaka huyohuyo. Alikuwa na kazi Kampala. Mambo ya kule yalipoharibika akarudi nyumbani na gramafoni, santuri, gita mbili na kipaza sauti cha kutumia betri ya gari. Nilikuwa na mimba ya Kemi, nimekaa uani namenya ndizi, akaweka santuri. Besi ikatangulia, nzito, inakwenda inasimama, inakwenda inasimama, kama mwanamke anayepandisha kilima na mkungu kichwani lakini mkungu haumwelemei. Kisu kikasimama mkononi. Nikamwambia nifundishe. Akacheka, kisha akanifundisha, kwa sababu ana moyo mzuri na kwa sababu hakuwa na kazi nyingine. Alipopata kibarua Mwanza aliniachia vyombo vyote. Akasema, "Usiwape wanaume. Wataenda kuviweka rehani kwenye pombe."

Devota nilimkuta anapiga debe kufukuza ngedere kwenye mahindi ya kijiji. Ngedere hawakukimbia, walikaa kumsikiliza. Auleria alikuwa anaimba sauti ya pili kanisani, nikamwambia besi ni hiyohiyo sauti ya pili, imezama tu chini. Tumefanya mazoezi kwenye ghala la kahawa, watoto wamelazwa juu ya magunia. Wimbo ukiisha mtu ananyonyesha, akimaliza tunaanza mwingine. Tumepiga harusi, tumepiga ubatizo. Kule mji wa Nshamba wenye maduka walifunga milango wakaja kutazama, na bibi mmoja alituuliza kama tumeolewa, na kama tumeolewa, waume zetu ni wagonjwa.

Basi jana tulipiga kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Tulipiga vizuri. Naweza kusema hivyo hapa, hakuna wa kunicheka. Hata mgeni aliinuka, akacheza na viatu vyake vya ngozi juu ya saruji, na watu wakampigia makofi.

Halafu, sisi tukiwa bado tunapiga, nikamwona anaondoka kuelekea nyuma ya ghala. Nikadhani amekwenda haja. Akazunguka ghala lote, akarudi, akamwuliza Ta Laurenti, mwenyekiti wetu, "Sasa wanaume wenyewe wako wapi?"

Alikuwa amekwenda kuwatafuta. Aliona sisi tumeshikishwa tu vyombo kama pambo, wapigaji wamefichwa mahali.

Ta Laurenti alikuwa na neno moja la kusema. Ni hawa. Badala yake alicheka, akasema, "Wapo, Ndugu. Wana aibu tu."

Wapo.

Nilikuwa karibu nao kabisa, vidole vikiwa juu ya nyuzi, na nilisikia. Sikusimamisha wimbo. Mgeni akafurahi, akasema watu hao wenye aibu waletwe mjini Bukoba kwenye sherehe za Uhuru. Akapanda gari lake akaondoka.

Gari lilipopotea, Ta Laurenti akatuita pembeni, uso unang'aa. Ana mpango. Vijana wawili, mmojawapo mwanawe, watasimama mbele na gita za kuazima shule ya mapadre, gita zisizo na waya. Sisi tutakuwa nyuma ya pazia na vyombo vya kweli. Sisi tupige, wao watikise mabega.

"Mgeni ameshaambiwa kuna wanaume," akasema. "Nikimpelekea wanawake ataona nilimdanganya."

Devota akamwambia, "Lakini ulimdanganya, Ta Laurenti."

"Nilimstahi. Kumstahi mgeni si kumdanganya."

"Basi utustahi na sisi, tukae mbele."

"Ma Devota, huu ndio ujamaa. Ninyi mnapiga, wao wanaonekana, sifa inakuwa ya kijiji kizima."

"Kama shamba," Devota akasema. "Sisi tunalima, ninyi mnaonekana."

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, tena kwa raha, akamshika Devota bega. Afadhali angekasirika. Mtu akikasirika angalau amekusikia.

Nilidhani yameishia hapo. Yakaja malipo.

Wacheza ngoma wa kiume, waliotutangulia uwanjani, waliketishwa ndani, wakaletewa nyama na lubisi, pombe yetu ya ndizi. Sisi tuliitwa mlangoni, kila mmoja akapewa kifurushi cha majani ya mgomba. Senene. Ta Laurenti akasema, "Mkawakaangie waume zenu, wajue wake zao wamefanya kazi nzuri."

Mtu wa mbali hawezi kuelewa, kwa hiyo naandika wazi. Huku kwetu senene, hawa panzi wa kuliwa, wakianguka, mwanamke ndiye anayewaokota alfajiri kwenye nyasi zenye umande. Ndiye anayewanyonyoa mbawa na miguu mpaka vidole vinakufa ganzi. Ndiye anayekaanga. Mwanaume ndiye anayekula. Ziko nyumba zimeanza kuacha, ila hii niliyoolewa bado. Na wale senene wa jana tuliwaokota sisi wenyewe, sisi na wanawake wenzetu, kwenye majani ya shamba la kijiji. Tulilipwa vitu vyetu, na hatuna ruhusa ya kuvila.

Nilifanya nini? Nilipiga magoti. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikasema, "Asante, waitu," kama mtu anavyomwambia bwana wake.

Ulimi ulisema wenyewe, umezoea. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa natema mate kama mwenye mimba.

Leo baada ya misa mama mkwe akawasha moto akaanza kukaanga. Mume wangu yuko mjini Bukoba kwa kazi, amepanga chumba Ijuganyondo, na mama yake alitaka kuwahi lori la kahawa la kesho ili mwanawe apelekewe senene wakiwa bado wakavu. Mimi nilikaa karibu na mlango namnyonyesha Mujuni. Mama mkwe alikuwa amenipa mgongo. Nikaona taya lake linacheza.

"Chumvi bado," akasema.

Akaongeza. Taya likacheza tena. Akajifuta midomo kwa pindo la kanga.

Tangu niolewe sijawahi kujiuliza anajuaje. Na mimi je? Msimu uliopita nilikaanga mimi, na chumvi niliipatia. Nilijuaje? Wanawake wote wa kijiji hiki wanajua utamu wa senene, na ukiuliza hakuna aliyewahi kumla. Tunatafuna tumewapa watu mgongo, tunajifuta, tunageuka na sura ya misa.

Hapo Kemi akaja. Ana miaka minne na harufu ilikuwa imemwita. Akanyoosha mkono kwenye kikaango kilichokuwa kimeepuliwa kikapoa, ukagusa mafuta, na bibi yake akamchapa kiganjani.

"Wewe msichana. Hawa ni wa baba yako."

Mkono uleule uliochapa ukachukua senene mmoja, ukamponda kati ya vidole, ukampaka Mujuni mdomoni. Mujuni, ambaye hana hata jino moja. "Mwanaume aanze kuonja," akasema, na alisema kwa upendo, siwezi kukataa. Anawapenda wote wawili. Nikatia kidole kinywani mwa mtoto nikakitoa kile kitu.

Kemi hakulia. Heri angelia. Alimtazama bibi yake usoni, pale midomoni palipokuwa bado panang'aa mafuta, akatazama kwa muda. Kisha akaenda pembeni, akageukia ukutani, akaanza kulamba vidole vyake vilivyogusa kikaango. Polepole, bila sauti. Alipomaliza akajifuta kwa gauni, akageuka.

Hakuna aliyemfundisha. Ameona tu.

Kile kinyaa cha jana, cha Ta Laurenti na mgeni wake na wanaume wao wenye aibu, kilikuwa kidogo. Hiki ndicho kilichonifikia. Mwanangu wa miaka minne ameshajua mahali pake ni wapi, ni ukutani. Na mimi mama yake, mwenye bendi, nilikuwa jana usiku nimelala nahesabu sababu za kulikubali lile pazia. Kwamba muziki utasikika tu. Kwamba sisi wenyewe tutajua. Kwamba ni heri nusu.

Nikamfunga Mujuni mgongoni. Nikachukua sahani yote ya senene, nikamshika Kemi mkono, tukatoka. Hatukwenda uani, tulikwenda mbele, tukakaa kizingitini, wakati watu wa misa ya pili wanapita barabarani na majani ya migomba vichwani kukinga mvua. Nikampa Kemi mmoja. Nikala mmoja. Tukaendelea.

Mama mkwe akaja akasimama nyuma yetu.

"Ingia ndani. Watu wanapita."

"Nawaona, Mama."

"Wanakuona na wewe."

"Ndiyo, Mama."

"Mwanangu utamwambia nini?"

"Nitamwambia walikuwa watamu."

Sikusema kwa jeuri, na sikumgeukia maana ningemgeukia ningeinuka. Ni mama mwema. Nilipojifungua alinikanda mwili kwa maji ya moto kila siku na hakuniachia nishike hata jembe. Lakini sikuinuka. Nilingoja anyang'anye sahani. Hakunyang'anya. Alisimama palepale nyuma, tukisikia watu wanapita na mazungumzo yao yanakatika wanapofika mbele ya nyumba. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Wa chini ndio wenye chumvi."

Akarudi jikoni.

Devota akapita akaona. Akasimama katikati ya njia na gauni lake la kanisani.

"Ma Kemi, umerogwa?"

"Nina njaa."

Akaangalia barabara huku, akaangalia huku. Akaja akajaza kiganja, akaondoka anatafuna njia nzima, na nilimsikia akiwasalimia watu kinywa kikiwa kimejaa. Kwa Auleria sijui. Mume wake ni mkali na anakaa nyumbani. Nitamwuliza kesho asubuhi, nisimsemee.

Sahani imekwisha. Mikono yangu bado ina mafuta, ndiyo maana karatasi hii ina madoa.

Sasa nimetulia kidogo, nafikiri. Kesho Ta Laurenti anakuja kuchukua jibu. Nitamwambia tutakwenda Bukoba tukiwa mbele, wenyewe, nyuso zetu zikionekana, na mwanawe akitaka kutikisa mabega atikise kwenye umati kama watu wengine. Ama hatuendi. Najua atakachofanya. Ufunguo wa ghala ni wake, na lori la kahawa ni yeye anayesema nani apande. Yawezekana jana ndiyo ilikuwa mara ya mwisho Dada Jazz kupiga. Nilianzisha kitu hiki na mimba, nikakilea pamoja na Kemi, na sitaki kukizika.

Lakini nyuma ya pazia sikiweki.

Kemi amelala sasa hivi kwenye mkeka, mdomo umeng'aa mafuta, hakujifuta. Sikumfuta.

Lori likikosekana, tutatembea. Gita ni jepesi. Ngoma Devota ataifunga mgongoni, mtoto wake ni mkubwa sasa, anatembea. Kipaza sauti nitakibeba mimi kichwani, sijaona mkungu wa ndizi uliokuwa mwepesi kuliko hicho. Ninachoshindwa kupata hadi sasa ni kimoja. Ile betri, na maji yake yale yanayotoboa nguo, tutaibebaje mpaka Bukoba isimwagike?