Joka Langu Linamwonea Huruma Nesi

Shangazi Kokwijuka, shikamoo.

Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke kabla ya kufika mwisho. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, nauza vitambaa na nyuzi hapa Nkwenda, na kila Jumapili alasiri, wenzangu wakishatoka kanisani na mimi nikishafunga duka, tunakaa watu wanne kwenye meza yangu ya kukatia nguo tunacheza ule mchezo wa mashujaa na majoka, ambao kila mchezaji ana shujaa wake kwenye karatasi, mimi ndiye msimulizi ninayesema wamefika wapi na adui anafanya nini, na dadu ya pande ishirini ndiyo inayoamua nani kapiga na nani kakosa. Mdogo wangu Abdulkarim ndiye aliyeuleta alipomaliza chuo, yeye akarudi zake Dar, mchezo ukabaki kwangu, na huu ni mwaka wa nne.

Wachezaji wangu ni Mwalimu Mwesiga, anayefundisha hesabu na shujaa wake ana upanga, Eliud mzaliwa wa Ihanda, anayenunua kahawa na shujaa wake anaita radi, na dada Kokushubira, nesi wa zahanati huko Songambele, ambaye alikataa kabisa kuwa mganga mchezoni, alisema siku sita anatibu watu, ya saba anataka kupiga mishale. Walianza ngazi ya kwanza wakikimbizwa na panya, sasa wako ngazi ya kumi na nane na hakuna ninachowaletea kikadumu. Joka nililoliandaa miezi mitano, lenye umri wa miaka mia tisa, walilimaliza chai haijachemka.

Lakini shangazi, kosa si lao peke yao, na hapa ndipo ninapoona aibu. Nilipojifungua binti yangu Naila damu ilikataa kukatika, na dada Koku, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha, alipanda nami gari mpaka hospitali amenishika mkono njia nzima, na tulipofika na damu ya kuniongezea ikakosekana, alikunja mkono wa gauni akasema ya kwake inafaa. Mpaka leo nikimwona anacheka mezani kwangu namshukuru Mungu kimoyomoyo. Sasa mtu wa namna hiyo nitamtupiaje moto, hata kama ni moto wa maneno tu?

Siku hiyo ya joka, walipoingia pangoni mwake, Koku kwa utani akaliambia joka, "Shikamoo, mzee." Na mimi, kwa jinsi nilivyolelewa na bibi yangu wa Tanga, mdomo ukaniponyoka, "Marahaba, mwanangu." Eliud akatoa mfukoni kahawa ya kutafuna akaimwaga mezani mbele yangu, iwe ya joka.

"Limeitikia, basi sisi ni wageni wake," akasema. "Kwetu mgeni anakaribishwa kwa akamwani, kahawa kama hii, na uliyemtafunisha kahawa yako humuunguzi."

Nikakubali haraka, tena kwa furaha, maana nilikuwa nimepata sababu ya kutomgusa Koku. Wao wakatafuna, wakashukuru, wakainua silaha. Joka langu likajitetea nusunusu, kwa Mwalimu na Eliud tu, na mara moja niliporusha dadu ya joka kumpiga Koku ikaangukia ishirini, pigo kubwa kuliko yote, nikaifunika kwa kiganja nikasema imekosa.

Aliiona. Akaweka penseli chini akasema polepole, "Mama Naila, wenzangu wanapigana na joka, mimi napigana na huruma yako. Na mimi nataka kuogopa kidogo." Akachukua mkoba wake akaondoka. Shangazi, amepata uhamisho, anakwenda Muleba mwisho wa mwezi, na tumebakiwa na Jumapili moja tu. Nilitaka pambano la mwisho liwe ndiyo asante yangu kwake. Mwalimu anasema nilizidishie joka uhai mara tatu, lakini naujua mkono wangu, utafunika tena. Nifanyeje asiondoke na kinyongo?

Mama Naila, Nkwenda


Mama Naila, marahaba.

Sikukucheka, ila pale kwenye kiganja nilitabasamu. Nina miaka sitini na mbili, na wapwa zangu walinifundisha mchezo huohuo nilipostaafu. Shujaa wangu wa kwanza aliliwa na joka nikala chakula cha jioni nimenuna, na ndiye ninayemsimulia mpaka kesho. Kwa hiyo usidhani umeandika kwa mgeni.

Nianze kwa kukukaripia. Moyo wako wa shukrani ni mzuri na usiubadilishe, lakini ulichofanya siyo shukrani. Wiki nzima huyo nesi anabebeshwa hofu za watu wengine, na kwenye meza yako ndipo alipokuja kuwa na hofu yake mwenyewe, ya kuchezea. Ukamnyang'anya bila hata kumwuliza. Ulimfanya mtoto mdogo, na ana haki ya kukasirika.

Sasa tuje kwenye joka. Mwalimu anajua hesabu lakini hii amekosa. Ukizidisha uhai, pambano linakuwa refu tu, mtagongagonga mpaka mchoke. Hesabu yenyewe ni hii: wao wanapiga mara tatu, joka mara moja. Basi kila shujaa akimaliza zamu yake, joka lifanye jambo dogo, lizungushe mkia, lipige bawa, lihame. Halafu nani alikwambia joka la miaka mia tisa linapigana limekaa sakafuni? Lipae, tuone upanga wa Mwesiga utafika wapi. Wachoshe njiani kwa vita viwili vidogo na usiwaruhusu kulala wakarudisha nguvu, maana nina hakika huwa unawalaza kabla ya kila pambano kama wageni wa lodji. Na chini ya hilo joka weka kijiji na migomba yake inayoungua, ili Eliud achague kati ya kurusha radi na kuokoa watu.

Kuhusu kahawa, Eliud amekula upande mmoja. Mimi ni Mhaya, na kwetu kahawa inamfunga mwenyeji na mgeni pia. Aliyetafuna kisha akainua upanga nyumbani kwa watu ndiye mkosaji, na joka lako lilikuwa na sababu ya kukasirika kuliko majoka yote uliyowahi kusimulia. Kwa hiyo Jumapili mlete dada mkubwa wa hilo joka, aliyepata habari kwamba nduguye aliuawa kahawa ingali mdomoni. Aitikie shikamoo zao, awape kahawa, awasindikize kwa adabu mpaka mwisho wa shamba lake. Wakishavuka mpaka, ndipo apae. Yule Eliud atajuta kuijua mila yake.

Lakini hayo yote hayatakusaidia kama asante yako bado umeifungia ndani. Mchezo hauwezi kukusemea. Panda bodaboda wiki hii uende Songambele, umsubiri nesi amalize zamu, na Naila uende naye. Mwambie asante kwa maneno, mwambie ulivyodhani unakufa siku ile, na ukiri kwamba dadu uliifunika. Akilia, lia naye. Akikucheka, cheka.

Kisha Jumapili rusha dadu katikati ya meza kila mtu aione, na mikono yako uiweke mapajani. Ikimpata, mpige. Kokushubira alikutazama ukikaribia kufa na hakugeuza uso, dadu ataiweza.