Kiti Chako na Eda ya Mama

Baba,

Nimekusomea Fatiha kwanza. Sasa nisikilize, maana nina hasira.

Tangu tukuzike, kila aingiaye huuliza hali ya Mama, kisha huuliza nani atashika kiti chako cha uwakilishi wadi. Wengine hilo la kwanza hulisahau kabisa.

Spika ameshatangaza kuwa kiti ki wazi, na tume imetaja siku ya uchaguzi mdogo. Siku hiyo Mama atakuwa bado yumo edani, hatoki nje wala haonani na wanaume. Ndugu yako, Ami Swaleh, hakulifikiria hilo. Alikwishawaahidi wakubwa wa chama kwamba mjane ndiye atakayesimama, watu wampigie kwa huruma, na jana akawaleta nyumbani. Wao wageni wa bara, siwalaumu. Lakini yeye! Alipokumbushwa, hata haya hakuona. Alikaa upande huu wa pazia, Mama upande wa pili, akambembeleza: "Utatoka siku ya kupeleka karatasi tu, shemeji. Mengine ni picha, tuachie sisi."

Mama hata wanja hapaki siku hizi, Baba. Leo uso wake ubandikwe kuta za soko la Marikiti? Nikaogopa atakubali kwa uchovu tu. Nikasema nitasimama mimi.

Ami akacheka. "Wewe? Si ukafundishe watoto wako wa shule huko Tudor!"

Nilikukumbuka ukipangusa makombo ya mahamri mdomoni, ukituambia, "Akitukanwa mmoja nyumba hii, yatosha." Nilijua ukinikataza mimi nisiingie siasani. Niwie radhi.

Ndipo sauti ya Mama ikatoka nyuma ya pazia: "Andikeni Zuhura." Wakubwa wa chama wakaandika. Ami aliondoka bila kumaliza kahawa, na leo tumesikia chama kingine kimempa tikiti. Majirani wamegawanyika, wengine salamu yangu hawaiitikii. Usingizi sipati.

Kesho napeleka karatasi zangu kwa tume. Nakuahidi Mama atamaliza eda yake bila kusumbuliwa. Nakuahidi pia kwamba Ami akishinda nitampa mkono mbele za watu, na nikishinda mimi nitamfuata kwake tupatane, kwa kuwa ni damu yako.

Lakini kwa sasa, Baba, nataka nimshinde.

Mungu akulaze pema.

Mwanao,
Zuhura