Baba Musyimi, Kiti Chako Kimetugawanya

Mwaka umezunguka, Baba, tangu tukulaze hapa Kilungu, chini kidogo ya miparachichi yako, na nyumba yako bado haijatulia.

Ulianza kazi katika chama cha wakulima wa matunda ukiwa karani wa mizani pale Mbumbuni. Ukasoma jioni na wakati wa likizo, ukapata diploma, kisha digrii ukiwa tayari na mvi, hadi ukawa Afisa Mkuu wa Utawala. Ulijua kuajiri watu, kupanga magari msimu wa maembe ukifika, na kuendesha mkutano bila kupandisha sauti. Mashati yako ulipiga pasi mwenyewe. Mama alijaribu kukusaidia, ukamwambia anaharibu kola.

Wakulima wakigombana, uliwaketisha pamoja kwenye benchi nje ya mlango wako, ukawamiminia chai. "Kwanza chai, maneno baadaye," ulisema. Wengi walienda nyumbani pamoja.

Laiti ungekuwepo siku ile ya mahojiano! Chama kilipotangaza nafasi yako, mwanao Nthiwa aliomba. Mdogo wake Mutunga naye akaomba. Kila mmoja alimficha mwenzake, akidhani ndiye anayelinda jina lako. Wakakutana kwenye benchi lile lile, Nthiwa amevaa tai yako. "Kaburi halijakauka na tayari unataka ofisi ya Baba?" akamfokea mdogo wake mbele ya watu. Mutunga aliinuka akaenda zake bila kuingia ndani. Kazi akapewa Bwana Nyamai kutoka Kitui, na anaifanya vizuri.

Tangu siku hiyo Mutunga hashiki simu zetu. Tumemtuma mchungaji, tumewatuma wajomba, tumechoka. Nthiwa alienda hadi kwake kuomba msamaha, akafungiwa mlango. Mama halali, Baba. Anaonja chakula tu, kisha anauliza kama kuna gari limesimama barabarani. Wewe ulipatanisha vijiji vizima, na sisi ndugu wawili wametushinda. Tufanye nini?

Ibada ya kukukumbuka ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, hapa nyumbani.

Hutatoka mioyoni mwetu kamwe: sisi mkeo Nduku, wanao Nthiwa na Katunge, wajukuu wako wote, na Mutunga, ambaye jina lake tumeliweka bila kumuuliza.

Mutunga, kama unasoma gazeti hili, Mama amesema watu wataketi, jua litawaka, lakini hatutaanza bila wewe.