Nilimwambia Ninaenda Ariwara

Jumatatu, 1 Septemba
Somo dukani kwa dada Esperance, barabara ya Lumumba hapa Bunia, katikati ya marobota ya vitambaa. Annem evde: mama yuko nyumbani. Annem pazarda: mama yuko sokoni. Waturuki wanabandika mahali kwenye mkia wa neno. Hakuna kukariri kanuni, unasema tu mama yuko wapi. Yeye alijifunza hivyo, miaka mitatu ya kushona Istanbul. Anadhani nataka Kituruki ili tuagize vitambaa pamoja.

Barua ya bursi ya masomo iko chini ya godoro. Ndege ni Jumapili.

Jumanne, 2 Septemba
Mama amerudia: safari haisemwi mpaka ndege iruke. Watu wana macho ya husuda. Nimeitikia. Mwoga mimi.

Ben yarın pazara gidiyorum. Mimi kesho sokoni ninaenda. Kitenzi kinakaa mwisho, msikilizaji asubiri. Leo kimenifaa, nami ninamsubirisha.

Jumatano, 3 Septemba
Ameuliza kama wiki ijayo tuanze wakati uliopita. Nikasema sitakuwepo, ninaenda Ariwara, kule mpakani, kununua viatu. Uongo ulitoka wenyewe. Uso wake ukabadilika.

Kaka yake alipanda gari la Ariwara, hakufika. Nilijua. Miji yote hii, na mdomo wangu ukachagua Ariwara.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimemmiminia chai, akaisogeza pembeni. Anafunga. Maji tu, mpaka nifike salama. Anafungia gari ambalo sitapanda.

Bado akanifundisha. Aç mısın? Una njaa? Midomo yake imekauka. Nikajibu sina njaa. Nyumbani nikala sombe sahani mbili. Najichukia.

Ijumaa, 5 Septemba
Alipima kitambaa kimoja mara tatu, akaegemea meza. Mteja alimvutia kiti. Nilikuwa pale, nikaendelea kunakili sentensi zake kwenye daftari.

Mama anasema maombi hayaozi, nimwache afunge. Nimemkasirikia mama, kumbe ni mimi.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimemwambia. Asubuhi, kabla hajafungua duka. Hakuna Ariwara, dada. Kesho ninaenda Uturuki kusoma, miaka minne. Nimekudanganya.

Alikunja kitambaa kimoja, akakikunjua, akakikunja tena. Halafu: "Hata miye niliendaka Istanbul bila kuaga mutu." Sauti haikuwa na hasira. Afadhali ingekuwa nayo.

Nilikuwa nimebeba mkate na chai. Nikamwomba ale, basi, gari halipo.

"Acha nimalize. Ndege nayo iko safari."

Jumapili, 7 Septemba
Bunia imebaki chini, mabati yanang'aa. Mama alilia uwanjani. Hajui kwamba nimesema. Nimefungua daftari la sentensi, sikuweza kusoma. Wamegawa chakula. Nimekirudisha.

Jumatatu, 8 Septemba
Istanbul. Baridi kidogo. Nimeelewa bango moja, na mwanamke aliyemwuliza mtoto wake kama ana njaa.

Nimepata mtandao saa nne. Ujumbe wa dada Esperance ulikuwa unanisubiri tangu jana: Vardın mı? Umefika?

Nikaandika: Vardım, dada.

Akajibu papo hapo. "Sasa ninakula."