Wanafunzi Wangu Wamenifungia

Mwenzangu, usinipigie, soma tu. Nimefungiwa. Mimi, mkufunzi, nimefungiwa na wauguzi ninaowafundisha!

Asubuhi nzima nimewaeleza mwongozo wa huu mlipuko wa homa. Nikasema: mkimwona mtu ana joto na macho mekundu, mtengeni kwanza, maswali baadaye, hata awe mkubwa wenu. Tena nikaongeza: kila mtu atawaambia ni uchovu tu, msimsikilize.

Tukafanya mazoezi ya kupima joto, nikajitolea kuwa mgonjwa. Yule muuguzi mpole wa wodi ya watoto akanielekezea kipimo, akakitazama, akarudia. "Mwalimu, thelathini na tisa. Na macho yako..."

Unajua nilijibu nini? "Ni uchovu tu." Kwa mdomo wangu mwenyewe!

Mzee wa maabara akacheka peke yake: "Haya mama, umelikoroga, ulinywe."

Hakuna aliyenigusa. Walirudi nyuma, kama nilivyowafundisha, wakanionyesha mlango wa chumba cha kutengea. Nikaingia. Nikasikia ufunguo.

Siwezi hata kuwalaumu. Wiki iliyopita niliingia wodi ya wagonjwa wa homa hii. Labda ni malaria tu. Majibu kesho.

Sasa yule mpole yuko dirishani, anauliza nimegusana na nani tangu jana. Nimeanza na wewe. Ulinisuka jana jioni, kichwa changu mapajani mwako.

Wako njiani kuja kwako. Kama umeamka na kichwa kinauma, tafadhali, usiwaambie ni uchovu tu.